Ukifa Leo Usiku, Nani Anajua Deni Lako?

(Maandishi ya mazungumzo na vijana baada ya swala ya Alasiri. Wengi mliokosa mliomba tuyaweke hapa.)



Ndugu zangu, dada zangu, shukran kwa kukaa. Najua jua ni kali na kuna wenye mechi saa kumi na moja. Sitawaweka sana inshallah.

Nianze na swali. Inua mkono kama unajua babako anadaiwa pesa ngapi, na nani.

Haya. Mikono miwili. Sasa swali la pili, na hili ni lako mwenyewe. Ukifa leo usiku, nani pale nyumbani anajua wewe unadaiwa nini? Hata yule jamaa wa duka la simu uliyemwambia ntakumalizia mwisho wa mwezi?

Naona mnacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka. Mada ya leo ni karatasi. Najua mlitarajia niongee habari za haki zetu, polisi, vitambulisho. Lakini nataka niwaonyeshe kwamba karatasi za nyumbani nazo ni haki, na hii haki mara nyingi hatunyang'anywi na serikali. Tunanyang'anyana wenyewe.

Niwaambie yaliyotupata sisi.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari hapa Mombasa. Alifariki mwezi wa Machi 2019, ghafla, asubuhi alikuwa gereji na magharibi tukawa tunamzika. Mtu wa watu. Kila aliyekuja tangani alisema marehemu alikuwa mwaminifu, na ni kweli. Lakini hakuandika kitu. Biashara yake yote ilikuwa kichwani mwake, na kichwa tukakifukia.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki ovyo. Kaka yangu mkubwa yuko Qatar kazini. Basi mimi, maanake ndio nilikuwa na diploma, nikaambiwa, "Mwanangu, wewe ndiye unayejua maofisi." Nilikuwa na miaka 21. Sikujua hata ofisi moja.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja muuza spea. Akakaa barazani, akalia kwa kweli, halafu akasema marehemu alikuwa na deni lake la shilingi 120,000. Hana karatasi. Shahidi hana. Tukatazamana. Amjomba wangu mmoja akasema aende mahakamani alete ushahidi. Mama akasema kutoka ndani, "Siwezi kulala na deni la mume wangu." Akatoa bangili zake mbili za dhahabu, zikauzwa, mzee akalipwa.

Hapa nisimame kidogo. Sheria ya dini haikumlazimisha mama kuuza dhahabu yake. Deni la maiti hutoka kwenye mali ya maiti, si kwenye mkono wa mjane. Lakini mali ya baba ilikuwa imefungika, hatujui iko wapi, na mama hakutaka kungoja.

Mwaka 2021 tukahamisha vyombo vya gereji. Chini ya sanduku la spana kuna daftari dogo limejaa grisi. Baba alikuwa akiandika kumbe, lakini hakumwambia mtu. Na mle ndani, kwa mwandiko wake, yule mzee alishalipwa 70,000 kidogo kidogo. Tarehe zipo. Kwa hivyo deni lilikuwa limebaki 50,000, sisi tulilipa 120,000. Yule mzee naye alikuwa ameshatangulia. Sisemi aliongopa. Alikuwa mtu mzima, huenda alisahau. Mama akasema tumsamehe, tukasamehe. Lakini zile bangili ndizo alizopewa siku ya harusi yake.

Hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi, na niliomba ruhusa ya mama kabla ya kulisema.

Baba alikuwa na mke mwingine, upande wa Kwale. Mama alikuwa akijua, sisi watoto tulikuwa tukisikia tu. Na kule kuna mtoto wa kike, wakati ule ana miaka sita. Ndoa ilifungwa nyumbani, sheikh akasoma hotuba, mashahidi wawili, pilau, mambo yakaisha. Ndoa ya halali kabisa. Cheti hakuna. Sheikh aliyefungisha alikuwa ameshafariki.

Siku ya hitma mtu mmoja katika ukoo akatuita pembeni. Akasema, "Yule mama hana karatasi. Nyie nyamazeni tu, ataenda kudai wapi?"

Na mimi, wallahi, kwa siku mbili nilinyamaza. Mimi ninayesimama mbele yenu kuongea habari za haki. Nilipiga hesabu kichwani, nikaona tukiwa wachache fungu ni kubwa. Siku ya tatu mama akaniuliza kama nishampigia simu yule mama wa Kwale kumwambia aje na cheti cha mtoto. Nikasema bado. Akaniangalia. Hakusema kitu kingine. Nikatoka nje nikapiga.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu watu hudhani dhulma ya mirathi hufanywa na watu wabaya. Hapana. Hufanywa na watu kama mimi, siku ile ambapo karatasi haipo na kunyamaza ni rahisi.

Sasa tuangalie dini yetu imesemaje. Sisi Waislamu hatuhitaji kukaa kugombana nani apate nini. Mwenyezi Mungu ametugawia mwenyewe katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Mke akiwa na mume aliyeacha watoto, fungu lake ni thumuni, yaani 1/8. Wakiwa wake wawili wanagawana ile ile 1/8, kila mmoja 1/16. Mama wa marehemu, kukiwa na watoto, ni sudusi, 1/6. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Na mtoto wa Kwale na mtoto wa Kisauni ni sawa, wote ni watoto wa baba mmoja.

Lakini kabla ya kugawa kuna mambo matatu. Kwanza gharama za mazishi. Pili madeni yote ya marehemu. Tatu wasia wake, kama aliacha, usiozidi thuluthi ya kilichobaki. Ndipo warithi wagawane. Na deni usilidharau. Mtume swalla Llahu alayhi wasallam alikuwa akiletewa jeneza anauliza kwanza kama maiti ana deni. Na mnajua aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inaongea nini? Si swala, si vita. Ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inayotuamrisha kuandika deni, kuweka muda na kuweka mashahidi.

Na kuhusu wasia, Ibn Umar amepokea kutoka kwa Mtume, iko katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haifai zipite nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Nyusiku mbili, jamani. Sisi zinapita miaka ishirini.

Kwa hivyo mafungu yapo. Kadhi anayajua. Shida yetu ni kwamba Kadhi hawezi kugawa thumuni ya kitu asichokijua. Ukimwambia marehemu aliacha nyumba, atauliza hati. Ukimwambia ana watoto watano, atauliza vyeti. Hesabu ya mirathi ni rahisi, ziko hata programu za simu zinakupigia. Kigumu ni kujua kilichoachwa na walioachwa.

Na kwa sisi watu wa Pwani karatasi ina historia. Mwaka 1908 serikali ya Mwingereza ilileta sheria ya hati za ardhi huku kwetu. Mwenye ardhi alitakiwa apeleke dai lake. Aliyepeleka na akakubaliwa akapata hati. Ambaye hakupeleka, ardhi aliyozikwa babu yake ikahesabiwa ya Serikali. Wengine hawakujua kuna sheria, wengine walidhani kila mtu anajua hapa ni pa fulani. Mpaka leo tunalia uskwota. Tena angalia Mombasa, tuna nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na paa, chini ni kwa mwingine, analipa kodi ya kiwanja. Nyumba yetu ni hivyo hivyo. Risiti za kodi ya kiwanja ndizo zilizotuokoa, maanake ndizo zilizoonyesha kwamba kuta ni za baba.

Lakini baba alikuwa pia amenunua shamba Kwale kwa agrimenti. Tunajua kwa sababu alitupeleka kuliona. Agrimenti hatukuipata, wakili hatumjui, na aliyeuza anasema hamkumbuki baba. Shamba hilo limekwenda. Hatujamlaumu mkoloni kwa hilo.

Sasa najua kuna anayesema moyoni, dada, hayo ni ya wazee, mimi nina miaka 23, sina mali. Hebu tuhesabu.

Una bodaboda umechukua kwa mkopo, umelipa nusu, logibuku bado ina jina la mwenye mkopo. Umetoa dipoziti ya nyumba. Una hisa kwenye sako. Una pesa kwenye simu, na upande wa pili una Fuliza hujalipa. Una mkopo wa HELB. Umeoa, mahari ulitaja elfu themanini ukatoa thelathini. Hiyo hamsini ni deni, bwana, na mke wako anaidai mali yako kabla hujagawiwa mtu yeyote. Na wewe mweka hazina wa chama, uliyeshika pesa za wenzako 15 kwenye M-Pesa yako, ukifa leo familia yako itaziona ni zako. Watagawana haramu bila kujua, na hao 15 watakaa wakikusema kaburini.

Kwa hivyo unazo mali na una madeni. Ulichokosa ni karatasi.

Tufanyeje? Chukua bahasha moja kubwa, au faili la plastiki. Ndani weka karatasi tano. Ziandike kwa mkono kama hutaki kwenda saiba.

Karatasi ya kwanza ni ya watu. Jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari yake, PIN ya KRA. Halafu warithi wako: wazazi, mke au mume, watoto wote. Nasema wote. Weka nakala za vyeti vya kuzaliwa na cheti cha ndoa. Angalia majina. Kitambulisho kina Mohamed, cheti cha mtoto kina Muhammad, cheti cha ndoa kina Mohammed. Kwetu sisi ni jina moja. Kwa kompyuta ya serikali ni watu watatu. Mdogo wangu wa Kwale alizungushwa mwaka mzima kwa herufi mbili. Rekebisha ukiwa hai, una miguu na unaweza kuapa mwenyewe. Na kama ndoa yako haijasajiliwa, kaisajili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, na za Kiislamu zimo. Nikaha ni sahihi kwa Mwenyezi Mungu, lakini mjane atakwenda kusimama mbele ya watu.

Karatasi ya pili ni ya ninachodaiwa. Jina la mtu, kiasi, tarehe, na nishalipa ngapi. Kila ukilipa, andika. Hili la kuandika malipo ndilo lililotugharimu bangili. Mahari iweke hapa hapa.

Karatasi ya tatu ni ya ninachodai, na ya amana. Nani ana pesa zangu. Na vya watu nilivyoshika mimi: pesa za chama, cherehani ya shangazi, kompyuta ya msikiti. Andika wazi, hivi si vyangu.

Karatasi ya nne ni ya ninachomiliki. Akaunti za benki, sako, simu, pensheni, NSSF, ardhi, nyumba, pikipiki. Andika jina la benki na tawi. Usiandike nywila wala PIN. Familia haihitaji ufunguo, inahitaji kujua mlango uko wapi, wataingia kwa karatasi za mahakama. Agrimenti ya ardhi weka nakala, na jina la wakili. Kama umemaliza kulipa, fuatilia uhamisho wa hati sasa, usiache agrimenti ikae miaka kumi. Na ile fomu uliyojaza siku ya kwanza kazini, ukaandika nani alipwe ukifa, nenda kaiangalie. Pengine uliandika jina la mama ukiwa bwana mdogo, na leo una watoto watatu. Wasimamizi wa pensheni wataanza na jina lile. Uliza Kadhi na usome masharti, ufanye sawa mapema.

Karatasi ya tano ni wasia wenyewe. Hapa watu wanakosea pande mbili. Wengine wanadhani Muislamu hana wasia kwa sababu mirathi imegawiwa. Wengine wanaandika nyumba nampa Salma, duka nampa Yusuf. Mrithi hausiwi juu ya fungu lake, isipokuwa warithi wengine waridhie. Wasia ni kwa asiyerithi, na mwisho wake thuluthi. Nani huyo? Mjukuu aliyefiwa na baba yake. Babu akiwa na watoto wengine wa kiume, huyu mjukuu hana fungu, lakini babu anaweza kumuusia. Mtoto mliyemlea ambaye si wa damu. Msikiti, madrasa. Na ndugu zetu waliosilimu, wazazi wako si Waislamu, hawatakurithi kwa sheria yetu, lakini unaweza kuwaandikia katika ile thuluthi usiwaache mikono mitupu. Nyinyi hasa msichelewe, kwa sababu Mahakama ya Kadhi, kwa Ibara ya 170 ya Katiba, inasikiliza mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Familia ikiwa ya dini mbili, mambo yanaweza kwenda mahakama nyingine, na pale karatasi yako itakusemea. Taja wasii wako, mtu utakayemwamini, na umwambie. Weka mashahidi wawili, weka tarehe. Usikae kujifungia ukatunga peke yako, mpelekee sheikh anayejua mirathi au wakili aitazame.

Halafu bahasha ikae wapi? Usiitie chini ya godoro ukanyamaza. Daftari la baba lilikuwepo miaka miwili chini ya spana na halikumsaidia mtu. Watu wawili wajue ilipo, mmoja wa nyumbani na mmoja wa nje ya nyumba. Piga picha, mpe mmoja wao. Kila Ramadhani, ukipiga hesabu ya zaka, fungua na ile bahasha uisahihishe. Ni kazi moja.

Sasa upande wa pili, wewe ndiye uliyefiwa. Haya matatu yashike.

Moja, kibali cha mazishi. Sisi tunazika haraka, na ni sunna. Lakini mtu akifia nyumbani, mtu mmoja katika familia amwone naibu wa chifu siku hiyo hiyo, kifo kiandikwe. Kikipita miezi sita hakijasajiliwa, utahitaji idhini maalum ya msajili, na utazunguka mpaka viatu viishe. Bila cheti cha kifo hakuna kitu kitakachosonga.

Mbili, simu ya marehemu. Hapa hata wachamungu wanateleza. Mnajua PIN ya baba, mnatoa pesa "za matanga". Pesa zile tangu roho ilipotoka ni za wadai na warithi, pamoja na mtoto mdogo asiyejua kusema. Na kwa sheria ya nchi, kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa. Iacheni simu iwashwe, msitupe laini. Meseji zile ni ushahidi wa madeni. Sisi laini ya baba tuliiacha ikafa. Laiti tungeiweka, tungeona malipo ya yule mzee.

Tatu, nendeni kwa Kadhi mapema, mkiwa bado mnapendana. Kwa kawaida mtaulizwa cheti cha kifo, barua ya chifu yenye orodha ya warithi, vitambulisho na vyeti vya watoto, orodha ya mali na madeni. Mnaona? Ni zile zile karatasi za bahasha. Na mkiogopa kuna pesa hamzijui, iko mamlaka ya mali za fedha zisizodaiwa, iliundwa kwa sheria ya 2011. Benki na kampuni hupeleka huko pesa zilizokaa bila mwenyewe. Unaweza kutafuta kwenye tovuti yao kwa nambari ya kitambulisho cha marehemu.

Na kuna ndugu zetu hapa, nawaona, ambao mtu wao hakufa. Alichukuliwa au alitoka, hakurudi. Nyinyi hamna kaburi wala cheti. Siwezi kuwaambia mfanye mirathi ya mtu mnayemngojea. Lakini tunzeni kila kitu: nambari ya OB, tarehe, barua mlizoandika, majibu mliyopata na mliyonyimwa. Kwa sheria ya Kenya, mtu asiposikika miaka 7 na wale ambao wangesikia habari zake, mahakama inaweza kumchukulia kuwa amefariki, na Kadhi naye ana taratibu zake. Miaka ile ikifika, au haki ikifika kabla, inshallah, karatasi ndizo zitakazosema mlikuwa mkimtafuta.

Mwisho. Mtawaambiaje wazazi? Hili najua ndilo gumu. Ukimuuliza mzee "baba, mali zako ziko wapi," atakuuliza kama unamwombea kifo, na hatakosea. Usianze na yake. Anza na yako. Nenda na bahasha yako, mwambie, "Baba, naandika wasia wangu, nimekwama hapa, nisaidie." Mwonyeshe karatasi ya madeni. Muulize kama amewahi kumkopesha mtu akasahau. Mzee ataanza kusimulia mwenyewe, wewe kaa chini na kalamu. Mama zetu vivyo hivyo, dhahabu zao wanajua wenyewe ipi ni yao na ipi ni ya kuazima. Mwandikie.

Yule mama wa Kwale tulikwenda naye kwa Kadhi. Shahidi mmoja wa ndoa tulimpata Diani baada ya kutafuta miezi, mzee wa miaka themanini na kitu, akaja na bakora yake akasema, "Nilikuwepo, nilikula wali." Watu wakacheka mahakamani, hata yeye akacheka. Mwaka 2022 mirathi ikagawiwa. Mdogo wangu alipata fungu lake sawa na langu. Si pesa nyingi. Lakini sasa ana miaka 13, yuko sekondari, na likizo anakuja kwetu, anamwita mama yangu Mama Mkubwa. Kama yule shahidi angetangulia mwezi mmoja kabla, sijui leo tungekuwa tunaangaliana vipi.

Kwa hivyo kazi ya leo ni ndogo. Baada ya Isha, kabla hujashika simu, karatasi moja tu. Ile ya pili, ya madeni. Andika jina la kila anayekudai, hata kama ni mia mbili ya mahamri. Kesho mwambie mtu mmoja ilipo. Karatasi nyingine zitafuata wiki hii, na Jumamosi ijayo tutakaa hapa hapa tusaidiane, wenye maswali ya mafungu tumwombe sheikh, wenye shida za majina kwenye vyeti waje na nakala.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awalipie madeni tusiyoyajua, na atujaalie tusiwaachie watoto wetu ugomvi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.